Maneno Manne ya Ndivani

Mbagala, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Shikamoo tena, maana ile ya kwanza imepitia kinywani mwa Elieneza kabla ya kukufikia, na sina hakika imefika nzima. Hujambo, Mama? Macho yanaendeleaje? Mtoto wa jicho bado amekaa upande mmoja, au ameshamwita na mwenzake? Na goti, baridi ya Myamba ikishuka unalifunga kile kitambaa cha sufu nilichokuletea, au umeshampa mtu? Najua umeshampa mtu. Mimi nipo hai. Nakula, usingizi naupata kwa taabu, na juzi nimeweza kujichana nywele mwenyewe. Hilo la nywele utalielewa huko mbele.

Elieneza mdogo wangu, na wewe marahaba. Najua hujaniamkia. Nimeitikia mapema ili tusipoteze muda. Soma polepole, kwa sauti, wala usiruke mstari. Jirani yenu Mama Upendo aliyeileta barua hii nimemwomba aketi papo hapo mpaka neno la mwisho, na unajua macho yake yeye ni mazima na darasa la saba alimaliza. Mwambie mkeo ampe chai, ya tangawizi, isiwe ile yenu ya kuonyesha majani tu.

Mama, nimeandika barua kama watu wa zamani kwa sababu kila nikipiga simu yako anaipokea Elieneza, na akiipokea wewe huwa umelala, au uko kanisani, au umekwenda kwa jirani. Sijawahi kuona bibi anayelala saa nne asubuhi kila siku ya Mungu. Basi naandika. Naandika kidogo kidogo, kiwiko nimekiegemeza kwenye mto, mkono ukichoka naweka kalamu chini. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, Elieneza, usimwambie Mama kwamba nilikuwa nimelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Mama, wewe umeambiwa kwamba nimeiacha kwa hiari yangu zamu ya maji aliyoniachia Baba pale ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia mashamba. Umeambiwa nilisema mimi ni mtu wa Dar, maji ya tope siyahitaji. Ndiyo maana hunitumii tena salamu. Mama Upendo aliniambia ulisema, "Kama amenisahau, basi, na mimi ninyamaze." Mama, maneno hayo niliyalilia. Sikuiacha zamu ya Baba. Nimenyang'anywa, na aliyenisaliti ndiye anayekusomea. Usimkatize. Mwache amalize, halafu mtaongea.

Nianze mwanzo. Kazi yangu ya ususi unaijua. Msusi ni mikono juu, asubuhi hadi jioni. Sasa mwaka ule, kabla ya Krismasi niliyokuja nyumbani, mikono ilianza kunikataa. Haiumi sana, ila imekuwa mizito, kama nimebeba ndoo ambazo sizioni. Nikimwinulia mteja mikono kichwani inashuka yenyewe. Nikaanza kuwakalisha wateja chini kidogo, kwenye kigoda. Baadaye kigoda nikakiona kirefu, nikawakalisha kwenye mkeka. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama, utanichimbia na shimo?" Nikacheka. Mwenzangu Zuhura, mwanamke wa Kidigo tunayechangia naye saluni na chumba, hakucheka. Alikuwa ananitazama.

Miguu nayo ikafuata. Nikiketi, kuinuka mpaka nishike kitu. Chooni huku tunachuchumaa. Siku moja nilichuchumaa nikashindwa kusimama, nikamwita Zuhura anitoe. Mwanamke mzima, nimezoea kuchimba mfereji na Baba, natolewa chooni kama mtoto. Kope zikaiva rangi ya zambarau, na juu ya vifundo vya vidole ngozi ikawa nyekundu yenye magamba. Mtaani wakasema Namkunda anajichubua na mkorogo umemgeuka. Hata chakula kikaanza kukwama kooni. Makande, Mama! Mpare anashindwa kumeza makande, si ndio mwisho wa dunia huo?

Ni katika hali hiyo nilikuja Krismasi. Pale stendi ya Same gari la kupanda mlimani lina kile kidaraja kirefu cha kupandia, nikashindwa kukipanda. Konda akanisukuma mgongoni, abiria wakasema, "Mjini kuna raha, mama kanenepa miguu." Nilikuficha, Mama. Nilikwambia nimechoka na safari. Baada ya sikukuu ikapigwa mbiu ya msaragambo, kijiji kizima kitoke kutoa tope ndivani, na mimi nikaenda, maana zamu ya Baba ni yangu na mwenye zamu hatumi salamu, anatuma mikono. Unakumbuka tulivyosimama mstari tukipokezana makarai ya tope. La kwanza nilipokea. La pili likanidondokea miguuni. Watu wakacheka. Elieneza ulikuwa wa tatu kutoka kwangu, ukasema kwa sauti, "Msameheni, hiyo ni mikono ya saluni." Wakazidi kucheka. Na mimi nikacheka, nikidhani unanitania kama ndugu anavyotania ndugu.

Nikarudi Dar. Nikatibiwa malaria ambayo sikuwa nayo, nikatibiwa taifodi, nikapewa dawa za minyoo, nikachomwa sindano za vitamini. Kituo kimoja wakapima damu wakasema ini langu limeharibika, niache pombe. Mimi! Binti wa mzee wa kanisa, pombe yangu ni ile ya meza ya Bwana. Wakapima na ule ugonjwa ambao watu wanaunong'ona, nikakutwa sina. Elieneza, sentensi hiyo irudie, maana nimesikia mkeo ana maoni yake. Rudia. Ahsante.

Mwisho Zuhura akanipeleka hospitali kubwa. Tulipokelewa na daktari mmoja mama mtu mzima, mfupi, mkali, hana muda wa porojo. Hakuniuliza nimekunywa nini. Akasema, "Dada, chuchumaa." Nikachuchumaa. "Sasa inuka, usishike kitu." Nikabaki kule chini kama kifurushi. Akanishika mkono akaninyanyua mwenyewe, akavigeuza vidole vyangu kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kope. "Huyu hajajichubua," akamwambia Zuhura. "Huyu misuli yake inaliwa." Niliangua kilio pale pale, Mama, si kwa sababu ya ugonjwa. Nililia kwa sababu mtu alinitazama akaniamini.

Akaeleza kwamba ule ulioitwa uharibifu wa ini ulikuwa ni misuli inavuja: kuna vitu vilivyomo kwenye ini na kwenye misuli pia, na misuli ikiumia vinaonekana kwenye damu. Halafu akasema atachukua damu nyingine itumwe nje ya nchi, ipimwe kingamwili. Damu yangu ikapanda ndege, mimi mwenyewe ndege naiona inapita juu ya bati.

Nilimuuliza kingamwili ni nini. Akasema kila mtu ana walinzi ndani ya damu. Kijidudu kikiingia, wao wanakitambua, wanakishika, wanakimaliza. Ila kwa watu wachache, hakuna ajuaye vizuri kwa nini, walinzi wengine wanakosea. Wanautazama mwili wao wenyewe wanauona mgeni. Wangu wanaishambulia misuli na ngozi. Akasema, "Si uchawi, si laana, wala huambukizi mtu. Ni mwili wako kushindwa kukujua."

Unajua nilimkumbuka nani, Mama? Chui, yule mbwa wetu. Ile siku ya mvua Baba aliporudi kutoka Same amevaa koti refu la mvua alilopewa na rafiki yake, kofia imefunika uso, na Chui akamrukia getini akamng'ata paja. Mbwa aliyelelewa kwa ugali wa mkono wa Baba! Wewe ulishika mchi ukitaka kumuua. Baba akakaa kizingitini damu zinamtoka akasema, "Mwache. Hakunijua." Kesho yake akamlisha kama kawaida. Nilimsimulia daktari akacheka, akasema wanafunzi wake atawafundisha kwa kutumia Chui.

Majibu yalikaa. Yalipokuja, daktari akanionyesha kwamba kingamwili yenyewe imeonekana. Jina lake ni herufi na namba, kama kibao cha gari. Akasema ziko za aina nyingi na kila moja ina tabia zake: ipo inayopenda kwenda kwenye mapafu, ipo ambayo ukiiona lazima utafute kama kuna saratani imejificha, na ipo hii yangu, ambayo inachafua ngozi na kudhoofisha misuli lakini kwa wengi inasikia dawa. Hata hivyo akanipiga picha za kifua na tumbo, hakutaka kubahatisha. Hawakuona kitu. Mungu ni mwema, nalisema hilo hata leo nikiwa na hasira.

Dawa yenyewe inaitwa predinisoloni. Ndiyo inayowafokea wale walinzi watulie. Inasaidia, lakini nayo ina mambo yake. Njaa usiku kucha. Usingizi hakuna. Na uso, Mama, uso unavimba. Mashavu yanajaa, kidevu kinazama, shingo inanona nyuma. Daktari alinionya, "Utakuwa na uso wa mwezi mpevu, usiogope, si unene, dawa ikipungua utarudi." Basi nikawa na mashavu kama ya mke wa mkurugenzi juu ya mikono isiyoweza kuinua sufuria ya uji. Mtu akiniona nimekaa ananisifia. Nikisimama ndipo anaona.

Sasa Elieneza, punguza mwendo, tumefika kwako.

Ilipokaribia safari hii ya kusafisha ndiva kabla ya vuli, nilikupigia simu. Ulipokea. Nilikueleza yote niliyoyaandika hapo juu, mpaka ukasema, "Dada, mbona unanisomea biolojia." Nikakwambia siwezi kuja, siwezi hata kupanda kile kidaraja cha gari pale Same. Nikakukumbusha desturi ambayo hukuhitaji kukumbushwa: mgonjwa hachimbi, lakini mtu wa nyumba yake asimame mbele ya watu jina likiitwa, aseme, "Ni mgonjwa, namsimamia." Akisema hivyo zamu haiguswi, hata miaka kumi. Asiposimamiwa anahesabiwa mtoro na zamu inagawiwa. Sikukuomba uchimbe kwa ajili yangu. Sikukuomba kitu cha kubeba. Nilikuomba usimame useme, "Dada yangu ni mgonjwa." Maneno manne. Ukacheka ukasema, "Hilo tu? Dada, hilo nitalisema hata kabla hawajaita jina." Nikakuamini, nikalala. Usiku ule nililala vizuri, na usingizi kwangu ni bidhaa adimu.

Kisha ukaniambia, "Nitumie picha, Mama anataka kukuona." Nikafurahi. Nikamwambia Zuhura anifunge kilemba kizuri, anipake mafuta, nikae karibu na mlango kwenye mwanga. Nikatabasamu. Nilitaka Mama asiogope. Mama, ulionyeshwa hiyo picha? Sidhani.

Yaliyotokea ndivani sikuambiwa na Elieneza. Nimeambiwa na Mama Upendo, na wala hakukusudia. Alinipigia kunipongeza. "Namkunda, umenona mwanangu! Tumekuona ndivani kwenye simu ya mdogo wako, unang'aa!" Nikamuuliza, ndivani? Picha yangu ilifuata nini ndivani? Mama Upendo ni mtu mkweli, uongo unamshinda hata kama ni wa heri. Nikamtoa maneno moja moja kama mtu anayetoa mwiba.

Kumbe mwenyekiti wa ndiva aliita jina langu, akauliza nani ananisimamia. Watu wakamtazama Elieneza. Na wewe, mdogo wangu, ukatoa simu mfukoni. Ukasema, "Mwoneni wenyewe mgonjwa wetu." Ikapita mkono kwa mkono. Ukaongeza, "Mimi siwezi kulisimamia shavu kama hili." Watu wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Mwenyekiti akasema, mgonjwa gani ananona? Na kwa kuwa zamu ilikuwa ya nyumba yetu, haikwenda mbali. Ikahamia kwako. Asubuhi iliyofuata maji ya Baba yakageuzwa kwenda kwenye tangawizi yako ya kule chini, na bustani ya Mama, mchicha wake, vitunguu vyake, ikaachwa ikauke. Halafu ukaingia ndani ukamwambia mama yako mzazi kwamba mimi ndiye niliyeitupa.

Loo, Elieneza! Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nauimba tu msemo huo shuleni. Wewe nimekubeba mgongoni kwenda kuchota maji ya ndiva hiyo hiyo. Ulipopata surua nilikutafunia chakula. Ada yako ya sekondari ilitoka vichwani mwa wanawake wa Mbagala, nywele moja moja, kwa mikono hii hii unayoiita ya saluni. Nisingelitaja hilo, Mama alitufunza wema hautangazwi, lakini nimechoka kuwa mwema kimya kimya.

Nimejaribu kukutetea. Kweli. Usiku nikiwa macho nakutafutia sababu. Nasema, labda uliamini. Kwetu mgonjwa anakonda, ndivyo tulivyoona tangu utotoni. Nani amewahi kumwona mgonjwa wa kunenepa? Na najua anayemsimamia mtoro akigundulika, jina lake naye linaingia topeni, na wewe una watoto na unapenda heshima. Nakubali. Ungeogopa, ningekuelewa. Lakini mtu aliyeingiwa na shaka angenipigia simu. Angesema, "Dada, mbona picha na maneno havilingani?" Hukuniuliza. Picha iliyokuja kumliwaza Mama ukaigeuza ushahidi dhidi yangu, maji ukayachukua wewe, na tangu siku ile simu yangu ni Mama amelala.

Nikwambie kitu kilichotokea huku mwezi huo huo. Huku mtaani kwetu kuna siku ya usafi, kila nyumba inatoka kuzibua mitaro. Mjumbe akapita akanikuta nimeketi mlangoni na mashavu yangu, akasema mbele ya watu, "Na huyu mnene je, anasubiri nini?" Zuhura alikuwa ndani ya mtaro, matope mpaka magotini. Akapanda juu na koleo lake. Akasema, "Mjumbe, huyu ni mgonjwa. Kama mikono yake unaihitaji, andika yangu mara mbili, nitazibua wa kwake na wangu. Ila neno mnene lirudishe ulikolitoa." Mjumbe akalirudisha. Zuhura, Elieneza! Hatuna damu moja, hatuna dini moja, yeye wa pwani mimi wa mlimani, na kutwa ananitania kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Ndugu ni kufaana, si kufanana. Wewe tumefanana mpaka pua.

Watani zangu wanasema kweli, Wapare tunapenda kesi. Basi hii ndiyo kesi yangu na hakimu ni Mama.

Daktari aliniuliza wiki iliyopita kama nina hasira na mwili wangu. Wagonjwa wengine wanakuwa nayo, alisema, wanauona umewasaliti. Nikamwambia sina. Ulinishambulia, ni kweli, umeninyima mikono, umeninyima makande. Lakini ni kama Chui. Haukunijua. Nitaulisha kama Baba alivyomlisha yule mbwa, na vidonge vyake nitaumezea mpaka utulie. Hasira yangu yote iko Myamba. Maana wewe, Elieneza, hukuwa mbwa wala sikuwa nimevaa koti. Ulinitazama usoni kwenye simu ile, ukanijua kabisa kwamba huyu ni Namkunda, ndipo ukaning'ata. Kwa hilo hospitali hawana kidonge.

Mama, sitaki uende kwa mwenyekiti na goti hilo. Sitaki baraza la ukoo, sitaki mchungaji aitwe asubuhi na mapema. Nataka siku ya mkutano wa ndiva ujao Elieneza asimame pale pale aliposimama, mbele ya wale wale waliocheka, aseme yale maneno aliyoniahidi. Tope la kutolewa siku hiyo kwa jina langu alitoe yeye. Maji yarudi kwenye bustani yako, hata kabla hayajarudi kwa jina langu, maana mchicha hauna kosa. Mimi mkono wa kulia sasa unafika usawa wa sikio. Daktari anasema polepole, misuli iliyoliwa hairudi kwa siku moja, na huenda nisibebe tena karai la tope maishani. Ndiyo maana zamu ile ni kubwa kwangu. Ikiwa siku nitakayorudi kwetu sitaweza kuchimba wala kusuka, nitarudi kama nani, kama hakuna aliyenisimamia? Mgeni anayeomba maji kwenye mfereji aliouchimba na baba yake?

Nisalimie wifi yangu, mke wa Elieneza, mwambie simlaumu sana, ila yale maoni yake ayapunguze. Wanao, Elieneza, nawapenda, wao hawamo. Shangazi yetu wa Kileo akipanda huko mlimani mwambieni zile nazi alizoagiza nimeshampa mtu anayekuja. Wasalimieni kwaya ya tarumbeta, hasa yule mpuliza tarumbeta kubwa mjomba wetu, ambaye nasikia pale ndivani ni yeye peke yake hakucheka. Mjomba, nilisikia. Mama Upendo, wewe sina la kukwambia zaidi ya ahsante, na samahani kwa kukuweka katikati. Zuhura anawasalimu wote, anasema akija Myamba apikiwe makande yasiyo na chumvi nyingi.

Mama, nakubusu hayo macho yote mawili. Mimi sijakusahau hata siku moja.

Haya, Elieneza. Umesoma kurasa zote hizi, umesoma hata palipokuchoma, na kama umefika hapa bila kuruka basi bado kuna mtu humo ndani. Mama Upendo, weka kikombe chini. Mama, mgeukie huyo kijana, hata kama unamwona kwa ukungu. Mstari unaofuata, mdogo wangu, usome kwa sauti kama unavyosoma somo la Jumapili, Mama akusikie kwa kinywa chako.

Dada yangu ni mgonjwa.

Umeona? Ulimi haujakatika. Sasa nenda ukaseme ndivani.

Ni mimi binti yako, Mama, na dada yako, Elieneza, upende usipende,

Namkunda